Vifaa vya kusomeshea watoto wenye mahitaji maalumu: kipi ununue na kipi ukiwache dukani

Walimu wenzangu wa Unguja na Pemba, na wazazi pia maana najua mpo, naulizwa sana kuhusu vifaa ninavyotumia darasani na kila mtu namjibu mbali mbali mpaka vidole vinaniuma, basi leo naandika yote pahala pamoja. Nasomesha skuli ya msingi huku Chake Chake, darasa langu ni la mjumuisho, yumo asiyeona kabisa, wamo wenye uoni hafifu, wamo wawili wasiosikia na mmoja wao anavaa mashine ya sikio, wamo wanaochelewa kushika herufi, na waliobaki ni wale wale watoto wetu wa kurushiana chaki ukiwapa mgongo. Kwa hiyo kifaa sikipimi kwa boksi lake wala kwa maneno ya muuzaji. Nakipima hivi: umeme ukizimika saa nne asubuhi na bando limekwisha, kinaendelea kufanya kazi au kinageuka pambo la kabati la mwalimu mkuu? Na pili, kinasema Kiswahili? Ukiuliza hayo mawili tu nusu ya vitu vinavyotangazwa vinaanguka hapo hapo.

Tuanze na tableti maana ndo inayoulizwa kuliko vyote. Ya mwanzo niliichukua duka moja pale Darajani, jina la duka naliweka moyoni. Muuzaji kaiwasha inang'ara, kava bure, kalamu bure, ananiambia "Mwalimu, hii memori yake kubwa, unasomeshea mpaka chuo kikuu." Kufika nayo Pemba watoto wamenizunguka, naingia setingi natafuta TalkBack, ile programu ya kumsomea asiyeona kila kilichopo kwenye kioo, haipo. Naifata Play Store, Play Store yenyewe inafunguka lakini haishushi kitu, inazunguka tu mpaka chaji inakwisha. Nikampigia simu, ananijibu "Dada, mali ikishatoka dukani hairudi." Dukani nilikuwa Mwalimu, kwenye simu nshakuwa Dada.

Basi kabla hujatoa pesa yako, mwambie muuzaji aiunganishe na Wi-Fi ya dukani mbele yako, ingia setingi sehemu ya ufikivu, washa TalkBack uisikie inasema. Kwenye Android nyingi ukiminya vitufe viwili vya sauti kwa pamoja ukashikilia kidogo inajitokeza. Ikisema chukua, isiposema mrejeshee mwenyewe na umuage kwa salama. Mie saa hizi natumia Samsung iliyokwisha tumika, ina mchubuko pembeni, na inaishinda ile mpya kwa kila kitu.

TalkBack yenyewe ni ya bure na ni ya Google. Ukiiwasha simu inabadilika tabia, kugusa mara moja ni kusomewa tu, kufungua ni mpaka ugonge mara mbili, na ukiburura kidole kwenda kulia inakupeleka kwenye kitu kinachofuata. Sauti ya Kiswahili ipo, unaishusha mara moja na ikishakaa ndani haikuombi tena intaneti, hapo ndo ilipoupata moyo wangu. Mtoto wangu wa darasani alipoisikia mwanzo alicheka sana, akasema "Ticha, huyu bibi si wa huku." Kweli si wa huku, anasoma kama mtangazaji wa redio aliyelazimishwa, lakini anasoma, na mtoto ambae zamani alikuwa anasubiri mwenzake amsomee kitabu kwa hisani sasa anajisomea mwenyewe na anarudia sentensi anayoitaka. Akiboreka anaikimbiza spidi, mie sisikii hata neno moja yeye anaelewa yote, wasioona wakishazoea huwa hivo.

Tatizo khasa liko kwetu sisi walimu. Vitabu tunavyorushiana WhatsApp vingi ni picha zilizopigwa kurasa zikafanywa PDF, na picha TalkBack kwa kawaida haiisomi, inakwambia tu ukurasa wa kwanza, ukurasa wa pili, inanyamaza. Kwa macho yako unaona maandishi yamejaa, kwa mtoto ni karatasi tupu. Dawa yake Google Lens, unaielekeza kwenye ukurasa inayatoa maandishi, unayanakili na kuyabandika kwenye faili la kawaida, na kwa vile Kiswahili ni herufi hizi hizi za kilatini inapatia sana, pitia tu zile ng' na alama za kuuliza kabla hujampa mtoto. Kazi hiyo naifanya usiku nyumbani na si ndogo. Kama kuna mtu ana notsi alizozichapa mwenyewe kwenye kompyuta tafadhali azitume hivyo hivyo zilivyo, asizipige picha!

Kwa wenye uoni hafifu habari ni nyepesi zaidi na wazazi wengi hawaijui. Huhitaji kununua kioo cha kukuzia. Simu yoyote yenye kamera nzuri, mtoto anaupiga picha ubao anaivuta kwa vidole viwili mpaka herufi inakuwa kubwa kama kiganja, anaandika. Ukiwasha kile kipengele cha kukuza, ukigonga mara tatu skrini nzima inakua, na ukigeuza rangi ikawa maandishi meupe juu ya weusi baadhi yao wanasoma muda mrefu zaidi bila macho kuwauma. Mmoja kwangu hataki weusi, anataka njano. Muulize mtoto mwenyewe, wewe si macho yake.

Haya, mashine ya breli, yaani ya kuandikia yale maandishi ya nukta anayoyasoma asiyeona kwa kidole, ile Perkins. Hii nitaisema kwa urefu maana naipenda. Ilibuniwa Marekani, kwenye skuli ya wasioona ya Perkins huko Massachusetts, na David Abraham aliyekuwa mwalimu wa kazi za mikono pale, ikaanza kutoka mwaka 1951 na mpaka leo umbo lake ni lile lile. Chuma kitupu, kilo tano kasoro, haina waya wala betri, haina hata cha kuchajiwa. Ina vitufe sita vya nukta, vitatu kushoto vitatu kulia, katikati kipo cha kuruka nafasi, na huku pembeni cha kushuka mstari na cha kurudi nyuma. Kila herufi ni nukta sita au pungufu, a ni nukta ya 1 peke yake, b ni ya 1 na ya 2 unaziminya kwa pamoja, kwa hiyo "baba" mtoto anaiandika kwa minyo minne, na siku alipoiandika mwenyewe akapitisha kidole juu yake akaisoma, darasa zima lilinyamaza halafu likapiga makofi, na wale watukutu ndo waliokuwa wa mwanzo kutaka kufundishwa. Sasa nnao wenye macho yao mazima wanaojua kuandika majina yao kwa breli, wanaandikiana vijibarua ambavyo mie wanadhani sivisomi.

Mstari wa Perkins unabeba herufi 42 na ukikaribia mwisho inalia kengele kama vile taipu raita za ofisini zamani. Karatasi haitaki nyembamba, hii ya fotokopi nukta zinatoboka na zile zisizotoboka zinalala baada ya kusomwa mara chache. Inataka nene. Manila inafaa, na kuna hazina watu wanaitupa kila Januari, kalenda za mwaka uliopita za mabenki na makampuni, karatasi nzito safi, upande wa nyuma hauna kitu, na asiyeona hajali kama mbele kuna picha ya boti. Mie kila mwisho wa mwaka napita ofisini kwa watu kuomba, wanadhani nachanganyikiwa.

Ubaya wake bei. Mashine mpya ni mamia ya dola, ukigeuza inapita shilingi milioni kabla hujaongeza usafiri, kwa hiyo mzazi mmoja mmoja usijiumize, anza kwa kuulizia Kitengo cha Elimu Mjumuisho na Stadi za Maisha cha Wizara ya Elimu, au jumuiya ya wasioona ZANAB, ujue kipi kipo na kipi kinaazimika. Na hewa yetu hii ya chumvi haina urafiki na chuma. Ukimaliza ifunike, usiiwache karibu na dirisha. Yangu kitufe kilianza kuganda, nikampelekea fundi wa vyarahani mtaani, akaiangalia akasema "Mwalimu hii ni cherehani bila sindano," akaisafisha akatia mafuta kidogo sana pale anapojua yeye, inaendelea kudunda. Ukitia mafuta mengi mwenyewe unachafua karatasi na unakaribisha vumbi, muachie fundi.

Nyota tano bila ya kufikiri.

Mdogo wake ni fremu na kalamu ya kutobolea, hii ya bei ya chini na inaingia kwenye mkoba. Unaandika kutoka kulia kwenda kushoto na kila herufi unaigeuza, maana unatoboa upande wa nyuma ili nukta zitokee mbele. Walimu wenzangu mnaosomesha na chuoni jioni, madrasa, mtasema kulia kwenda kushoto si tabu kwetu, kweli mkono unakubali haraka, lakini kule kugeuza herufi ndo kunachosha, na cha ajabu breli ya Kiarabu yenyewe inasomwa kushoto kwenda kulia kama za kilatini, kwa hiyo mtoto asiyeona anaesoma msahafu wa breli na kitabu cha skuli kidole chake kinakwenda upande mmoja tu. Fremu nunua kama akiba, na kwa kazi za nyumbani. Usimuanzishie mtoto mdogo nayo kama Perkins unaipata.

Sasa Live Transcribe. Hii Google waliitoa 2019 wakishirikiana na chuo kikuu cha viziwi cha Gallaudet kule Washington, unaweka simu mezani, unasema, maneno yanajiandika makubwa kwenye kioo. Kiswahili kimo. Nilivoiona mara ya kwanza nilifurahi mpaka nikamuonesha kila mtu kwenye chumba cha walimu. Halafu nikaipeleka darasani. Mie nikisema taratibu karibu na simu, Kiswahili cha vitabuni, inapatia vizuri mno. Watoto wakijibu Kipemba chao, "ticha nshamaliza", "vino hivi mbona havimo", inaandika mambo yake mengine kabisa, siku moja iliandika habari za shamba na hakuna aliyetaja shamba. Mvua ikipiga juu ya mabati hapo hata mie hainisikii. Na kwa Kiswahili inataka intaneti, bando likikata maneno yanakatikia njiani.

Lakini hayo yote ni madogo. Kubwa ni kwamba kiziwi wa darasa la kwanza au la pili bado hajui kusoma, sasa maandishi yanayokimbia kwenye kioo yatamfaa nini? Lugha yake ni ya alama. Kuna watu, wafadhili khasa, wanaleta simu na programu wakidhani wamemaliza kazi na mwalimu mwenyewe hajui hata alama ya "karibu". Programu hii mpe kijana wa sekondari au mtu mzima aliyepoteza usikivu ukubwani, atakushukuru. Mdogo mtafutie watu wa kumuonesha alama, na walio bora kuliko wote ni viziwi watu wazima wenyewe. Kwangu alikuja dada mmoja kiziwi akakaa na watoto, kwa muda mfupi walijifunza kuliko mie niliyokuwa nikiwaonesha kutoka kwenye vidio. Nyota mbili kwa darasa la chini, nne kwa wakubwa.

Mashine ya sikio kwa ufupi, maana ni mambo ya hospitali, mie nasema ya mwalimu tu. Betri zake ni zile za hewa, zina stika ya rangi, chungwa ni saizi 13, buluu ni 675, kahawia ni 312. Ukishaibandua stika hewa inaingia na betri inaanza kuliwa hata ukizima mashine, kwa hiyo msizibandue zote kwa kuona raha, nimeshamuona mzazi kafanya hivo. Bandua moja, iwache dakika moja hivi, ndo uitie. Usiku fungua kijumba cha betri uiweke mashine kwenye kikopo chenye vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, maana jasho na unyevu wa huku vinaiua mapema. Na kile kipande cha ndani ya sikio mtoto akikua hakimkai tena, kinapiga mluzi, darasa zima wanacheka, si mashine mbovu hiyo, ni sikio limekua.

Kwa wanaochelewa kusoma na kuhesabu nina mengi ila nitataja machache. Zipo programu mbili za Kiswahili zilizotokana na yale mashindano ya XPRIZE ya kutafuta programu ya mtoto kujifunza kusoma na kuhesabu mwenyewe, Kitkit School na ile ya shirika la onebillion la London. Zilijaribiwa hapo ng'ambo tu, Tanga, vijiji kama 170, watoto karibu 2,700 ambao wengi hawakuwa wakienda skuli, wakapewa tableti na umeme wa jua bila ya mwalimu, na Mei 2019 hizo mbili zikashinda pamoja zikagawana dola milioni 10 nusu kwa nusu. Zote zikatolewa kwa umma bure pamoja na msimbo wake wa kompyuta. Walioanzisha kampuni ya Kitkit ni mke na mume wenye asili ya Korea Kusini, walianza kutengeneza michezo ya hesabu kwa sababu mtoto wao wenyewe ana mahitaji maalumu, na inaonekana kwa kweli, vitufe vikubwa, hakuna kengele ya kukosa inayomtisha mtoto, akikosea anarudia tu bila ya kuzomewa. Mtoto ambae mbele yangu hafungui mdomo, kwenye ile anatamka herufi. Kasoro ni zetu za kawaida, tableti moja watoto foleni, na bila hedifoni darasa linakuwa soko. Na wapo wajanja wanaobonyeza bonyeza tu mpaka zitokee nyota, lazima ukae karibu.

African Storybook niipigie debe, hadithi fupi za picha, Kiswahili zipo tele, bure, zina madaraja ya urahisi na unaruhusiwa kuzibadilisha. Mie nachukua hadithi yenye maneno mengi nafupisha, naweka majina ya huku, natanua maandishi, naprinti. Ubongo Kids na Akili and Me, zile katuni za Dar, mnazijua, zinafaa kwa wadogo na wenye ulemavu wa akili kwa zile nyimbo za kurudia rudia, ila nnae mwenye usonji mmoja muziki ukianza anaziba masikio, kwake nazima sauti anaangalia picha tu na ameridhika.

Ile fonti ya OpenDyslexic inayosifiwa kwamba inamfanya mtoto mwenye ugumu wa kusoma asome haraka, ni bure haikuli kitu, lakini tafiti zilizofanywa hazikuonesha kwamba umbo la herufi zile linaongeza spidi. Kinachosaidia ni kutanua nafasi baina ya herufi na mistari na kukuza maandishi, na hiyo fonti yoyote inafanya. Ukiona mtu anauza vitabu bei mbaya kwa sababu ya fonti hiyo, mpite.

Na sasa kifaa changu cha hesabati ninachokipenda kuliko vyote, mtacheka, ni bao. Bao letu hili la kete, mashimo 32, mistari minne ya manane, kete 64. Asiyeona anayapapasa mashimo, anajua yuko wapi bila ya kuuliza, kete hazikimbii kwenye meza. Mwenye ulemavu wa akili anaweka mbili mbili kila shimo mpaka mikono yenyewe inahesabu. Jadweli ya mara 8 hiyo hapo mbele yake, mstari mmoja, mistari miwili, 16, mistari mitatu, 24. Kugawa pia, nawapa kete 20 nawaambia zigaweni mashimo matano sawa sawa. Kiziwi hahitaji maelezo yoyote, anatizama mikono ya mwenziwe. Na mchezo wenyewe wanaucheza wote pamoja, mwenye macho, asiyeona, na ambae hajui kusoma, na mara nyingi ambae hajui kusoma ndie anaewafunga. La kwangu nilipewa na mzee mmoja barazani, lina ufa shimo la pembeni, nimeliziba kwa gundi ya mbao. Komwe, ndo kete zenyewe, zikipotea zinaokotwa ufukweni.

Pia ukanda wa tyubu ya baiskeli uliozungushwa kwenye penseli kwa mtoto mwenye mkono dhaifu, hauponyoki tena. Sinia la mchanga mkavu la kuandikia herufi kwa kidole. Shilingi sifuri vyote hivyo.

Kwa hiyo mwenye bajeti ndogo afate hivi nilivyofanya mie: bao na sinia leo, halafu simu au tableti moja nzuri iliyotumika yenye TalkBack inayosema Kiswahili, halafu ndo uanze kuhangaikia Perkins kwa kuazima. Tableti za foleni zije mwisho kabisa, na kama mfadhili anakuuliza unataka nini usiseme tableti kumi, sema karatasi nene na betri za masikio.

Betri zenyewe hizo ndo zinanisumbua mpaka sasa, saizi 13, huku Pemba nazipata kwa kubahatisha na mara mbili tatu nimetumiwa na boti kutoka Unguja zilizokaribia kupitwa na wakati. Anaejua duka la uhakika Chake au Wete, au hata Mkoani, aniambie, mtoto wangu wiki hii anavaa mashine iliyonyamaza.